Kwa nini katikati ya Croydon inachelewa kufufuka? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukishuka kituo cha treni cha East Croydon, kusini mwa London, na kutembea dakika kumi kuelekea North End, mtaa mkuu wa maduka, utapita chini ya minara mipya ya makazi yenye ghorofa zaidi ya 40, kisha utaingia kwenye jumba la maduka ambalo fremu zake nyingi zimefungwa. Watu wanaohamia kusini mwa London, wanaotafuta nyumba ya kupanga au fremu ya biashara, wanauliza kwa nini pande mbili za mji mmoja zinatofautiana hivyo. Maswali yao ndiyo haya.

Croydon ni jiji, ni mji, au ni mtaa tu wa London?

Kisheria ni manispaa ya London tangu 1965. Kabla ya hapo ilihesabiwa kuwa sehemu ya mkoa wa Surrey, na wazee wa pale bado wanaandika Surrey kwenye anwani zao. Sensa ya 2021 ilikuta watu wapatao 390,800, idadi ambayo haikufikiwa na manispaa nyingine yoyote ya London. Imeomba hadhi ya jiji zaidi ya mara moja na kunyimwa.

Kwa hiyo ni kitongoji chenye ukubwa wa jiji. Ina mahakama, tramu, ukumbi mkubwa wa muziki na maelfu ya wafanyakazi wa ofisini, lakini treni inakufikisha London Bridge au Victoria kwa takriban robo saa. Wepesi huo wa usafiri unaivutia Croydon wakazi, na wepesi huohuo unawachukua jioni na mwisho wa wiki kwenda kutumia fedha zao kwingine. Kila mwekezaji anayekuja Croydon anaanza hesabu zake hapo.

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wanaweza kupenda kujua kwamba uwanja mkuu wa ndege wa London ulikuwa Croydon kabla ya Vita Kuu ya Pili. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha njia ya kila wiki iliyoanzia hapo na kuishia Mwanza. Uwanja ulifungwa 1959.

Maghorofa yale ya zege la kijivu yalitoka wapi?

Yalitokana na uamuzi wa makusudi. Mwaka 1956 mji ulipata sheria yake yenyewe bungeni, Croydon Corporation Act, iliyoupa mamlaka ya kukusanya ardhi ya katikati na kuipanga upya. Serikali kuu nayo ilitaka ofisi zipungue London ya kati. Halmashauri chini ya Sir James Marshall ilifungua mlango, na kampuni binafsi zikaingia kwa kasi kwa sababu ardhi ilikuwa rahisi, treni zilikuwepo na vibali havikucheleweshwa. Katika miaka kama 15 makumi ya majengo ya ofisi yalisimama. Nestlé iliweka makao yake ya Uingereza kwenye jengo la ghorofa 24. Mwaka 1970 ulikamilika mnara wa Richard Seifert karibu na kituo, ule wenye pembe zinazopishana ambao wenyeji wanaufananisha na sarafu ya peni 50.

Mwaka huohuo lilifunguliwa rasmi jumba la maduka la Whitgift Centre, ambalo sehemu zake za kwanza zilianza kazi 1968. Ardhi yake ni ya wakfu ulioanzishwa na Askofu Mkuu John Whitgift mwaka 1596, na kodi ya pango imekuwa ikisaidia shule na nyumba za wazee. Nyumba hizo za wazee bado zipo kwenye kona ya North End na George Street, kuta za karne ya kumi na sita katikati ya maduka ya simu. Ningemshauri kila mgeni azione kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Kitu kimoja kilichojengwa wakati ule kinaumiza mpaka leo, nacho ni Wellesley Road. Ni barabara pana ya magari yenye njia ya chini, na imepita katikati kabisa ya mji, kituo cha treni na ofisi upande mmoja, maduka upande wa pili. Ilipangwa kwa ajili ya wenye magari. Anayetembea kwa miguu na mtoto na mizigo anaivuka kwa taabu, na miaka zaidi ya 50 baadaye kila mpango wa kufufua mji unaanza na swali la kuifanya ivukike.

Mji ulianza kufifia lini?

Hakuna siku moja. Duka la samani la IKEA lilifunguliwa 1992 kwenye barabara ya Purley Way, kwenye eneo la kituo cha zamani cha umeme, na likaacha dohani mbili zimesimama kama alama. Purley Way ikawa njia ya maduka makubwa yenye maegesho ya bure. Mwaka 1999 jumba kubwa la maduka la Bluewater lilifunguliwa mkoa wa Kent. Ofisi za miaka ya 1960 zilizeeka, dari zake fupi mno kwa nyaya na viyoyozi vya kisasa, na kampuni zilizokodi zikaanza kuhama mikataba ilipokwisha.

Tarehe 8 Agosti 2011, usiku wa ghasia zilizoenea Uingereza, duka la samani la House of Reeves lilichomwa moto. Familia ilikuwa imefanya biashara hapo tangu 1867, na picha za moto ule zilizunguka dunia nzima. Mwaka uliofuata Nestlé ilihamia karibu na Gatwick, na Allders, duka kubwa lililokuwa fahari ya mji tangu 1862, likafunga milango. Ndani ya miezi kama 13, mji ulipoteza mwajiri wake anayejulikana zaidi na duka lake linalopendwa zaidi.

Mradi wa Westfield ulikuwa upi, na kwa nini haukujengwa?

Awali zilikuwepo kampuni mbili za majumba ya maduka zilizoshindana. Westfield ilikuwa imekubaliana na wakfu wenye ardhi. Hammerson ilikuwa na Centrale, jumba la maduka lililo ng'ambo ya North End, na ilikuwa na mpango wake. Januari 2013 zikaacha kushindana, zikaungana nusu kwa nusu na kutangaza mradi wa pauni bilioni 1 wa kubomoa sehemu kubwa ya Whitgift Centre na kujenga jumba jipya lenye maduka, sinema, migahawa na nyumba. Boris Johnson, akiwa Meya wa London, aliunga mkono. Tarehe ya kufungua iliyotajwa kwanza ilikuwa 2017.

Kibali cha kwanza kilipatikana 2014. Mwaka 2015 serikali iliidhinisha utwaaji wa ardhi kwa lazima, ili wamiliki wadogo waliobaki wasiweze kuzuia. Kisha kampuni zikasema soko limebadilika, zikaandika mpango mpya mkubwa zaidi wenye nyumba nyingi zaidi, na gharama ikatajwa kuwa pauni bilioni 1.4. Mpango huo nao ukapata kibali. Tarehe ya kufungua ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mwaka 2019 mradi wote ukawekwa kwenye mapitio. Haukuanza.

Sababu ziko kadhaa na zilifuatana. Ununuzi wa mtandaoni ulikuwa unakula maduka ya nguo, ambayo ndiyo yalipaswa kulipa kodi kubwa. Kura ya kujitoa Ulaya 2016 ilitia wafanyabiashara woga. Kati ya kampuni za maduka makubwa, BHS ilikufa 2016 na Debenhams ikafunga matawi yake yote 2021, na jumba la maduka la aina ile linahitaji duka kubwa la kuvuta watu kila upande. Wawekezaji wenyewe walibadilika: mwaka 2018 kampuni ya Ulaya ya Unibail-Rodamco iliinunua Westfield kwa fedha nyingi na kubeba deni kubwa, na Hammerson nayo ilikuwa inauza mali ili kupunguza madeni yake. Ndipo ikaja korona.

Nataka msomaji aone jambo hili vizuri: hakuna aliyevunja sheria. Kampuni ziliangalia hesabu zao kila mwaka na kila mwaka zikaona kusubiri ni nafuu kuliko kujenga. Kwa upande wao walikuwa sahihi. Hasara ya kusubiri iliwaangukia watu wengine.

Kwani mwenye kibali halazimiki kujenga?

Hapana. Kibali cha kujenga nchini Uingereza ni ruhusa. Kwa kawaida una miaka mitatu ya kuanza kazi, na kazi ndogo tu ya msingi inaweza kutosha kuhesabiwa kuwa umeanza. Baada ya hapo hakuna anayeweza kukusukuma umalize kwa urahisi. Ile notisi ya kumtaka mtu akamilishe ujenzi ipo kisheria, ila ni nadra kutolewa, na hata ikitolewa matokeo yake ni kufuta kibali kwa sehemu iliyobaki, jambo ambalo halmashauri inayotaka jengo haliisaidii kitu.

Ahadi peke yake inawezaje kuharibu mji?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe zaidi, kwa kuwa linaeleza Croydon kuliko mengine yote.

Chukua mwenye duka la viatu ndani ya Whitgift Centre mwaka 2014. Mkataba wake unakaribia kwisha. Ametangaziwa kwamba jengo litabomolewa. Mwenye jengo hawezi kumpa miaka kumi, kwa hiyo anampa mwaka mmoja mmoja, wenye kifungu cha kumtoa kwa notisi ya miezi michache. Mwenye duka naye hawezi kuweka sakafu mpya wala taa nzuri, maana fedha hiyo hairudi ndani ya mwaka mmoja. Benki haimkopeshi kwa mkataba kama huo. Duka linachakaa. Kampuni zenye majina makubwa, ambazo makao yake makuu yako mbali na yanafanya uamuzi kwa karatasi, zinaondoka kwanza. Fremu zao zinachukuliwa na maduka ya muda, ya mifuko ya safari na vifuniko vya simu. Wateja wanaona jumba linafifia na wanapunguza kuja. Kisha mwenye jengo anaangalia idadi ya wateja iliyoshuka na kusema soko halitoshi kuanza ujenzi.

Mduara huo haukuishia ndani ya jumba. Wamiliki wa majengo ya jirani nao waliona bei ya ardhi itapanda Westfield ikija, wakaacha kuuza na kuacha kukarabati, wakingoja. Halmashauri ilipanga barabara, vivuko na bajeti zake kwa kutegemea mradi uleule. Hata mfuko wa kugharamia miundombinu ya katikati ya mji ulitegemea kodi za biashara ambazo zingeongezeka maduka mapya yakifunguliwa.

Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Croydon iliumia kwa zaidi ya miaka kumi, na walioumia zaidi hawakuwa mezani pale tarehe zilipokuwa zinasogezwa: wauza viatu, wauza chakula, vijana waliotegemea kazi za dukani, na wazee waliozoea kukutana madukani na sasa wanapanda basi kwenda Bromley au Sutton.

Kama kungekuwa na masharti ya mapema, kwamba mradi usipoanza kufikia tarehe fulani ardhi inagawanywa vipande na wapangaji wanapewa mikataba ya kawaida, sehemu kubwa ya hasara hii ingeepukwa. Ninaamini hivyo, na ninaamini halmashauri yoyote inayopewa ahadi kubwa na kampuni moja inapaswa kudai sharti hilo siku ya kwanza, wakati bado ina nguvu ya kudai.

Mbona minara ya makazi imepanda haraka wakati jumba la maduka limekwama?

Kwa sababu nyumba ziliuzika na kupangishika, na kila mnara ni mradi unaojitegemea. Mwendelezaji wa mnara anahitaji kiwanja kimoja, kibali kimoja na mkopo mmoja. Hahitaji kuwashawishi wamiliki arobaini wala kupata duka kubwa la kuvuta watu. Saffron Square, ghorofa 43 yenye rangi za zambarau na nyekundu, ilikamilika 2016. Ten Degrees kwenye George Street, minara miwili ya ghorofa 44 na 38, ilikamilika 2020 ikiwa na nyumba 546, zote za kupangisha. Vyumba vyake vilitengenezwa kiwandani Bedford na kuletwa kwa malori vikiwa vizima, vikapangwa juu ya kiini cha zege. Hapo jirani, College Road, kampuni ileile ilisimamisha mnara wa ghorofa 50 kwa njia hiyohiyo.

Kujenga kwa vyumba vya kiwandani kunafupisha muda, na muda mfupi ni riba ndogo. Ndiyo maana njia hii ilishamiri pale ambapo miradi ya kawaida ilisuasua.

Tangu 2022 hata minara imepungua mwendo. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1 mpaka katikati ya Desemba 2021, ikafika 5.25 Agosti 2023. Baada ya moto wa mnara wa makazi wa Grenfell, London, mwaka 2017 masharti ya usalama yaliongezeka, kwa haki kabisa, na sharti la ngazi ya pili kwenye majengo marefu liliwalazimu wengi kuchora upya. Ngazi ya pili inachukua nafasi kwenye kila ghorofa, na nafasi hiyo ilikuwa chumba cha kupangisha.

Nasikia ofisi nyingi ziligeuzwa nyumba. Kuna ubaya gani?

Wazo lenyewe ni zuri. Ubaya ulikuwa kwenye kanuni. Kuanzia Mei 2013 serikali iliruhusu ofisi kugeuzwa makazi bila kibali kamili cha mipango miji. Croydon, yenye ofisi nyingi za zamani zilizokaa tupu, iliathirika kuliko karibu sehemu nyingine yoyote. Mwenye jengo hakulazimika kuchangia nyumba za bei nafuu, hakulazimika kuchangia shule wala zahanati, na mpaka Aprili 2021 hakulazimika kufuata kipimo cha kitaifa cha ukubwa wa nyumba, ambacho kwa mtu mmoja ni mita za mraba 37. Sharti la kila chumba cha kuishi kupata mwanga wa asili nalo lilikuja 2020 tu.

Matokeo ni vyumba vidogo mno ambamo familia ziliwekwa, kando ya barabara ya magari, bila mahali pa watoto kucheza. Halmashauri ilipigana ikapata amri ya kufuta ruhusa hiyo katikati ya mji, ikaanza kutumika 2015, lakini majengo mengi yalikuwa yameshapita. Ukitafuta nyumba Croydon, uliza jengo lilikuwa nini kabla. Ofisi iliyogeuzwa kwa kibali kamili inaweza kuwa nyumba nzuri. Iliyogeuzwa kati ya 2013 na 2015, ipime kwa futi yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Minara mipya ina nyumba za bei nafuu?

Baadhi, na kwa kawaida chache kuliko watu walivyotarajia. Mwendelezaji huwasilisha tathmini ya kifedha ambamo faida yake, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 20 ya thamani ya mradi, huhesabiwa kwanza kama gharama nyingine. Kinachobaki ndicho kinachojadiliwa. Ardhi ikinunuliwa ghali, kinachobaki ni kidogo. Mwaka 2017 Meya wa London alianzisha njia ya mkato kwa anayekubali asilimia 35 ya nyumba ziwe za bei nafuu, na hilo limesaidia. Tena, "bei nafuu" ina madaraja, na nyingine ni punguzo la asilimia 20 tu chini ya kodi ya soko, kiwango ambacho mhudumu wa usafi wa hospitali hawezi kukimudu. Soma daraja, usisome jina.

Kama kampuni binafsi zinasuasua, halmashauri si ingejenga yenyewe?

Ilijaribu, na jaribio hilo liliuangusha mji kifedha. Halmashauri iliunda kampuni yake ya ujenzi, Brick by Brick, na kuikopesha karibu pauni milioni 200. Mwaka 2018 ilinunua pia hoteli, Croydon Park, kwa takriban pauni milioni 30 ili iingize mapato. Hoteli ilifilisika korona ilipokuja. Brick by Brick ilipewa pia kazi ya kukarabati Fairfield Halls, ukumbi wa 1962 ambao sauti yake inasifiwa na wanamuziki. Bajeti ilikuwa pauni milioni 30. Ukumbi ulifunguliwa tena Septemba 2019, na gharama zikapita milioni 67.

Novemba 2020 halmashauri ilitoa notisi ya kifungu cha 114, ambayo kwa lugha ya kawaida ni kukiri kwamba haiwezi kulipia matumizi yake. Ilitoa nyingine Desemba, na nyingine Novemba 2022. Mwaka 2023 kodi ya halmashauri ilipanda karibu asilimia 15 kwa mkupuo.

Wapo wanaohitimisha kwamba umma usijenge kamwe. Sikubaliani nao. Halmashauri za Uingereza zimejenga nyumba kwa karne nzima na mamilioni ya watu wameishi humo vizuri. Ukaguzi wa 2020 ulionyesha mikopo isiyosimamiwa, madiwani wasiopewa taarifa za kutosha na maonyo yaliyopuuzwa. Kosa lilikuwa kukopa kwa haraka ili kuziba bajeti, bila mtu wa kusema simama.

Sasa ni kitu gani kimefaulu?

Vitu vidogo, na vilivyokuwepo tayari. Boxpark ilifunguliwa Oktoba 2016 kando ya kituo, migahawa ndani ya makontena ya meli, kwenye sehemu ya kiwanja kilichokuwa kikingoja ofisi. Iliwapa vijana sababu ya kubaki mjini jioni, kitu ambacho mipango mikubwa iliahidi kwa miaka mingi. Kiwanja chenyewe, Ruskin Square, kiliwahi kugombaniwa kwa miaka na mpango wa uwanja wa ndani wa michezo, mpaka serikali ilipokataza ardhi kutwaliwa 2008. Baada ya hapo wamiliki wakajenga jengo moja moja. Mamlaka ya kodi ya Uingereza iliingia kwenye jengo la kwanza la ofisi mwaka 2017. Mpangaji wa serikali anayesaini mkataba mrefu ndiye aliyewapa wakopeshaji moyo.

Tramu, iliyoanza Mei 2000, imewaunganisha wakazi wa New Addington, pembezoni mwa manispaa, na mji kwa njia ambayo basi halikuweza.

Na soko la Surrey Street lipo. Hati yake ni ya 1276. Hapo utapata mihogo, ndizi za kupika, bamia na pilipili mbuzi, na wauzaji wanaokuita kwa sauti. Halijawahi kuhitaji mwekezaji wa bilioni moja. Linahitaji maji, taa, choo safi na ada ya meza isiyopanda ovyo.

Stratford, mashariki mwa London, walipata Westfield yao. Kwa nini wao waweze?

Stratford ilifunguliwa 2011 kwa sababu ya Olimpiki ya 2012. Serikali ilisafisha ardhi, ikajenga stesheni na reli, ikaweka tarehe isiyosogezeka. Ardhi ilikuwa wazi, haikuwa na wapangaji mamia wa kuhamisha. Na maduka wakati ule bado yalikuwa na fedha za kupanuka. Croydon haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Mradi wa Whitgift umefikia wapi?

Mwaka 2023 Unibail-Rodamco-Westfield ilinunua sehemu ya Hammerson na kubaki peke yake. Wazo la kubomoa na kujenga jumba moja kubwa limewekwa kando, na mazungumzo sasa ni ya mtaa wenye nyumba nyingi, maduka machache zaidi na njia za wazi badala ya korido zilizofunikwa, ukijengwa kwa awamu. Nadhani mwelekeo huu ni bora. Awamu moja ikikwama, zilizokwisha jengwa zinabaki na watu ndani. Jambo la kufuatilia ni kama wapangaji wa sasa watapewa mikataba ya maana wakati wakisubiri zamu yao.

Sisi tunaozungumza Kiswahili inatuhusu nini?

Wengi wetu tuliijua Croydon kupitia Lunar House, ghorofa 20 za Wizara ya Mambo ya Ndani kwenye Wellesley Road, ambako kwa miaka mingi watu wamepanga foleni kwa ajili ya vibali vya kuishi. Kwa watu hao, mji huu ulikuwa mlango wa Uingereza. Baadhi walibaki, wakafungua saluni, maduka ya vyakula na ofisi za usafirishaji mizigo kwenda Dar es Salaam na Mombasa. Fremu za bei rahisi kwenye mji unaosubiri ndizo walizoweza kuzimudu, na ndiyo maana swali linalofuata linaulizwa sana.

Nimepewa fremu ya bei nafuu katikati ya Croydon. Niangalie nini kabla ya kusaini?

Kwanza, uliza kama mkataba uko ndani ya ulinzi wa sheria ya wenye majengo na wapangaji ya 1954. Sheria hiyo inampa mpangaji wa biashara haki ya kuomba mkataba mpya ule wa zamani ukiisha. Wenye majengo yanayosubiri kubomolewa karibu wote hutaka uachie haki hiyo. Watakupa notisi na utatakiwa kusaini tamko kwamba umeelewa. Ukishasaini, siku ya mwisho ni siku ya mwisho. Hata ukiwa na ulinzi, mwenye jengo anaweza kukukatalia kwa kuthibitisha kwamba ana nia ya kweli ya kubomoa, lakini hapo mara nyingi analazimika kukulipa fidia kisheria.

Pili, tafuta kifungu cha kuvunja mkataba. Kikisema mwenye jengo anaweza kukutoa kwa notisi ya miezi sita, basi una biashara ya miezi sita, hata kama karatasi ya mbele imeandika miaka mitano. Dai na wewe uwe na haki hiyohiyo ya kutoka.

Tatu, kodi ya halmashauri ya biashara ni tofauti na pango. Dada mmoja ninayemfahamu, mwenye saluni, aliletewa bili hiyo baada ya kufungua na ilikuwa karibu sawa na nusu ya pango. Biashara ndogo yenye fremu moja inaweza kustahili punguzo, hata msamaha kamili, lakini lazima uombe.

Nne, angalia nani analipa kurudisha fremu ilivyokuwa ukiondoka. Jengo linalobomolewa halihitaji rangi mpya, na bado mikataba mingi inadai. Omba kipengele hicho kifutwe kwa maandishi.

Nitajuaje kama mradi uliotangazwa uko hai au ni picha tu?

Daftari la maombi ya mipango miji la halmashauri liko wazi mtandaoni na ni bure. Andika jina la mtaa. Usitazame tarehe ya kibali, tazama yaliyofuata: je, mwenye kibali ameanza kuwasilisha michoro ya kutimiza masharti, kama udongo, maji taka na mpango wa malori? Hizo ni gharama ambazo mtu asiyekusudia kujenga huziahirisha. Angalia kama kuna ilani ya ubomoaji na kama mkandarasi ametajwa. Kwa kampuni zilizo kwenye soko la hisa, soma taarifa yao ya mwaka uone mradi umewekwa kundi gani, la miradi iliyoidhinishiwa fedha au la miradi ya baadaye. Croydon ilikaa kwenye kundi la pili mwaka baada ya mwaka, na yeyote aliyesoma ukurasa huo alikuwa na taarifa sahihi kuliko aliyesoma mabango ya North End.